Tunalipa ada maradufu kufundishwa habari za kwetu, kisha ushahidi wa Kiswahili unakataliwa

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Naomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjaniambia kwamba naichezea bahati, maana najua wapo ambao wangeipokea nafasi hii kwa mikono miwili. Nasoma shahada ya uzamili ya maendeleo ya kimataifa katika chuo kikuu kimoja cha Uingereza, ambacho sitakitaja kwa sababu tasnifu yangu bado iko mikononi mwao. Ugumu wa masomo nauvumilia, na baridi nayo nimeizoea. Nisichoweza kukinyamazia ni kwamba chuo kinatutoza sisi tuliotoka nje karibu mara mbili ya ada anayolipa Mwingereza, kinatufundisha habari za nchi zetu wenyewe, halafu tukileta ushahidi wa nchi hizo katika lugha ulimoandikwa, kinaukataa.

Insha iliyonifikisha hapa ilihusu Operesheni Dodoma ya mwaka 1971, yaani kuhamishiwa kwa wananchi wa mkoa ule katika vijiji vya ujamaa, kabla ya Novemba 1973 ambapo kuishi vijijini kulifanywa kuwa amri kwa nchi nzima. Nilitumia taarifa rasmi za mijadala ya Bunge, hotuba za Mwalimu Nyerere na habari za gazeti la Uhuru la wakati huo, na kila nukuu niliifasiri kwa Kiingereza katika tanbihi, tarehe na ukurasa vikiwa bayana. Insha ikarudi na alama zilizokatwa pamoja na maelezo ya pembeni kwamba vyanzo hivyo haviwezi kuthibitishwa, na kwamba ningepaswa kutegemea maandiko ya kitaaluma. Nikayafuata maandiko niliyoelekezwa. Moja kati ya hayo limejengwa juu ya mijadala ile ile ya Bunge, iliyosomwa na kufasiriwa na msaidizi wa Kitanzania ambaye jina lake linaonekana katika ukurasa wa shukrani tu, basi.

Msinielewe vibaya: sidai kwamba kila kilichoandikwa na Mtanzania ni sahihi, wala gazeti la chama halikuwa msahafu. Chanzo hupimwa, na mimi nilikuwa tayari changu kipimwe. Hakikupimwa. Kilitupwa kwa kuwa mwenye kusahihisha hakuweza kukisoma, na hilo ni upungufu wake, sio wa chanzo.

Sasa linganisheni na hili. Mwanafunzi mwenzangu wa hapa hapa alipanga kwenda Tanzania kwa wiki chache kuhoji kaya zinazopokea ruzuku ya TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, naye hajui Kiswahili zaidi ya kusalimia. Nikaombwa na msimamizi wake nimfasirie dodoso, bila malipo, kwa maelezo kwamba litanipa uzoefu. Dodoso lenyewe liliuliza ukubwa wa shamba kwa hekta, wakati wakulima wetu wanahesabu ekari, na lilimtaka mama mwenye nyumba ataje kipato chake cha mwezi kana kwamba mkulima hupokea mshahara. Nilirekebisha yote hayo. Majibu yaliporudi, maneno ya wanakijiji yaliyopitia kwa mkalimani yaliitwa data za msingi, na hakuna aliyeuliza yatathibitishwa vipi. Kwa hiyo Kiswahili kinakubalika kikitamkwa na maskini mbele ya mgeni mwenye kinasa sauti, lakini kikichapishwa na Bunge la nchi hakikubaliki!

Tabia hiyo hiyo imo katika mihadhara. Vijiji vya ujamaa tulivijadili kwa mihadhara miwili mizima, tukiambiwa vinaonyesha tatizo la uongozi wa Kiafrika na la dola isiyosikiliza watu wake. Mradi wa karanga wa Tanganyika ulipita katika slaidi moja, chini ya kichwa cha habari kuhusu kasoro za mipango. Mimi nimezaliwa Dodoma na Kongwa naijua. Serikali ya Uingereza iliuanza mradi huo pale mwaka 1947 ikilenga kulima, kwa mradi mzima, zaidi ya ekari milioni 3, ikaleta matrekta yaliyochakaa, ikapambana na mibuyu, na ikachagua eneo bila kumbukumbu za kutosha za mvua, ilhali Mgogo yeyote mfugaji na mkulima wa uwele angewaeleza mvua ya pale ilivyo. Udongo ulipokauka ukawa mgumu kiasi kwamba karanga hazikung'oleka. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, pauni milioni 36 zikiwa zimeteketea. Nilipouliza kwa nini nao hautajwi kama dola isiyosikiliza watu, nilijibiwa kwamba swali ni zuri ila muda hautoshi.

Mliopita Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mnaikumbuka DS (Development Studies, masomo ya maendeleo), mnakumbuka na jinsi tulivyolinung'unikia somo hilo kwa kuwa la lazima. Angalau pale tulibishana. Walter Rodney, mwanahistoria wa Guyana aliyeandika jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika, alifundisha chuo kile kile; hapa yumo katika orodha ya usomaji wa ziada, ule ambao hauingii katika mtihani.

Kuhusu fedha nitakuwa mfupi. Mbali na ada, unalipa tozo ya afya ya pauni 776 kwa mwaka kabla hata viza haijatoka, na tangu Januari 2024 anayesoma uzamili wa darasani haruhusiwi kuja na mke, mume wala mtoto. Kijitabu cha kozi nilichotumiwa kilitangaza kwamba wahitimu huajiriwa na idara ya serikali ya maendeleo ya kimataifa, idara iliyokwisha kuunganishwa na wizara ya mambo ya nje tangu mwaka 2020. Februari 2025 serikali ikatangaza kushusha misaada hadi asilimia 0.3 ya pato la taifa ifikapo 2027, na Marekani ikalifunga shirika lake la misaada, USAID, mwaka huo huo. Kozi haikutuitia hata kikao kimoja cha kutueleza ajira hizo zimekwenda wapi.

Nimemwandikia mkuu wa idara kuomba insha isahihishwe upya na mtu anayesoma Kiswahili, na watu hao wapo katika vyuo vya nchi hii. Nilichopewa ni kiungo cha fomu ya maoni ya wanafunzi. Tasnifu yangu inategemea nyaraka za Kiswahili kwa sehemu kubwa, na muda wa kubadilisha mada umekwisha. Naomba aliyewahi kukata rufaa ya alama katika chuo cha Uingereza kwa sababu ya lugha ya vyanzo anieleze alianzia ofisi gani, na kama aliambatanisha tafsiri iliyothibitishwa au alitumia ile aliyoifanya mwenyewe.