Mwanangu kafundishwa kuwa binadamu ni mnyama, nimjibuje?

Habari za jioni wakuu. Binti yangu wa darasa la sita karudi na daftari la sayansi: "Binadamu ni mnyama", neno mnyama limepigiwa mstari mwekundu. Bibi yake kalifunga daftari, hataki kusikia. Namwelewa, kwetu kumwita mtu mnyama ni tusi, na unyama ni ukatili. Ila mwalimu hakukosea: tunanyonyesha kama wanyama wengine, na Linnaeus, mwanasayansi aliyepanga viumbe katika makundi, alituweka kundi moja na nyani tangu 1735. Hapo Gombe, Kigoma, mwaka 1960, mtafiti Jane Goodall aliona sokwe akichokoa mchwa kwa bua la nyasi, yaani akitumia zana kama sisi.

Sasa mtoto ananitazama mimi, bibi yake naye ananitazama. Naomba ushauri: nimweleweshe vipi binti bila kumvunjia bibi yake heshima?