Mikondo ya sumaku za kurekebisha obiti inapanda yote upande mmoja: tatizo liko wapi?

Sekstupoli
Wakuu, mashine ni pete ya kuhifadhi elektroni ya 3 GeV, mzingo mita 288, RF (mawimbi ya redio yanayoupa mwale nishati) 500 MHz (harmoniki 480, yaani mawimbi 480 kwa mzunguko mmoja), α = 0.001 (kiasi urefu wa njia unavyofuata nishati). Upande wa mlalo kuna vipima-nafasi 120 na sumaku 60 za kurekebisha obiti. Kikomo cha kila sumaku ni 10 A, na 1 A inatoa msukumo wa mikroradiani 50. Programu inarekebisha kila sekunde 10 kwa SVD (njia ya kupata kinyume cha matriki ya mwitikio, ile inayoonyesha kila sumaku inasogeza obiti kiasi gani), thamani singula zote 60 (kila moja ni kiasi ambacho muundo mmoja wa sumaku unaonekana kwenye vipimo) zinatumika, na frikwensi ya RF haiguswi.

Mashine ikiwashwa upya mambo ni shwari. Siku zikienda, wastani wa mikondo ya sumaku hizo unapanda, sasa umefika +1 A na hauonyeshi dalili ya kutulia (chanya kwetu ni kusukuma nje ya pete). Obiti kwenye skrini si mbaya, rms (wastani wa ukubwa wa mkengeuko) mikromita 40, ila mabaki hayo hayaishi hata programu izunguke mara ngapi. Sumaku tatu zinazofuatana ziko +9.6, -9.8 na +8.9 A. Juu ya hayo, watumiaji wa andyuleta (safu ya sumaku inayoyumbisha mwale ili utoe mwanga) wanalalamika kilele cha mwanga kimehama. Upande wa wima uko salama. Pawasaplai nimekagua, mkondo ulioagizwa na unaosomwa vinalingana. Nianzie wapi?

Mtawanyiko_D
Hapo una matatizo mawili yaliyovaa shati moja. Nianze na wastani unaopanda.

Pete imetanuka, au vipima-nafasi vimehama pamoja na sakafu. RF haijaguswa, kwa hiyo urefu wa njia ya elektroni hauwezi kubadilika: ni urefu wa wimbi mara 480, basi. Mzingo wa sumaku (ule unaopita katikati ya sumaku) ukiongezeka kwa ΔC, mwale unalazimika kupita ndani kidogo, na nishati yake inashuka; badiliko lake kwa uwiano ni δ = -ΔC/(αC). Kwa namba zako, milimita 0.3 tu zinatoa δ ya karibu -0.001, na mahali penye mtawanyiko (D, yaani obiti inasogea kiasi gani nishati ikibadilika) wa mita 0.25 obiti inaingia ndani mikromita 260.

Programu yako haijui habari za nishati. Inaona mwale uko ndani, inausukuma nje kwa sumaku zote. Lakini kila msukumo θ mahali penye mtawanyiko D hurefusha njia kwa D·θ, na RF hairuhusu njia irefuke, kwa hiyo nishati inashuka tena na obiti inarudi ndani karibu pale pale. Mzunguko unaofuata, programu inasukuma tena. Ndiyo maana wastani hautulii na mabaki hayaishi.

Piga hesabu: sumaku 60 × mikroradiani 50 = milliradiani 3. Kama D kwenye sumaku hizo ni wastani wa mita 0.1, njia imetakiwa irefuke milimita 0.3, yaani nishati imeshuka kwa 0.1% nyingine, sawa na 3 MeV. Nishati ya fotoni za andyuleta hufuata mraba wa nishati ya elektroni, hivyo kilele kimeshuka 0.2%. Kwa andyuleta ya vipindi 100, kilele cha harmoniki ya 5 kina upana wa karibu huohuo. Watumiaji wako hawaoti.

Kuthibitisha: pima mtawanyiko kwanza. Sogeza RF ±200 Hz, soma vipima-nafasi, gawanya kwa δ inayotokana na badiliko hilo la RF. Utaona hadi mikromita 100 kila upande, juu kabisa ya kelele. Kisha chukua mabaki ya obiti x ukokotoe δ = Σ(x·D)/Σ(D²). Ikitoka hasi na dhahiri, jibu umelipata, na frikwensi inatakiwa ishuke. Watu wengi hukosea alama hapa, kwa hiyo jaribu Hz 20 uone δ inakwenda wapi kabla ya kuendelea.

Bomba_la_Ombwe
Naongezea: jambo hili si la pete ndogo tu. Pale CERN, maabara ya fizikia ya chembe, kwenye LEP, pete yao ya zamani ya elektroni na positroni, mvuto wa mwezi na jua ulibadilisha mzingo wa karibu kilomita 27 kwa takriban milimita 1, na nishati ya mwale ikacheza kwa MeV kadhaa. Kwa hiyo usianze kwa kulaumu mafundi wa kiyoyozi, ingawa joto la handaki nalo lifuatilie.

Sasa zile sumaku tatu. Alama chanya-hasi-chanya kwa majirani ni dalili ya thamani singula ndogo. Muundo huo unatengeneza nundu iliyofungika kati ya vipima-nafasi, vipimo havioni karibu chochote, kwa hiyo SVD inagawa kelele ya mikromita chache kwa namba ndogo sana na inapata amperi nyingi. Chora thamani zote 60 kwa skeli ya logi. Mahali zinapoporomoka ndipo pa kukata, au bora zaidi badilisha 1/s (s ni thamani singula) iwe s/(s²+μ²), μ ikiwa namba unayochagua, ili ndogo zipungue nguvu taratibu badala ya kukatwa ghafla.

Ila kabla ya hapo, shuku kipima-nafasi kimoja kati ya sumaku hizo. Kina vitufe vinne (elektrodi zinazohisi mwale). Kokotoa nafasi kwa vitufe vitatu vitatu, michanganyiko yote minne. Majibu yakipishana kwa zaidi ya makumi ya mikromita, kuna kitufe, kebo au kiunganishi kibovu. Kiondoe kwenye matriki (futa mstari wake, usiweke sifuri kama kipimo!) kisha kokotoa upya kinyume chake.

Q_Nusu
Si rahisi zaidi kupunguza thamani singula hadi 40 tu? Wastani nao ungetulia.

Mtawanyiko_D
Wastani ungetulia, ndiyo, na kosa la nishati lingebaki palepale bila dalili kwenye mikondo. Tiba yake ni kuipa programu uwezo wa kugusa frikwensi: ongeza safu ya 61 kwenye matriki. Zingatia vizio. Ukiiweka kwa Hz, safu inakuwa ndogo mno na SVD itaipuuza. Tumia kHz 1 kama kizio: inatoa mikromita 500 pale penye D ya mita 0.25, ukubwa wa daraja moja na mwitikio wa 1 A. Halafu ongeza mstari mmoja wa sharti, Σ(D·θ) = 0, wenye uzito mkubwa, ili sumaku zisirudie kazi ya RF.

Kurudisha hali ya sasa, usizime wastani wa 1 A kwa mkupuo. Ondoa 5% kwa hatua, rekebisha frikwensi, endelea. Makadirio ya kwanza ya δ yatakuwa madogo kuliko ukweli kwa sababu sumaku zimeficha sehemu yake.

Sekstupoli
Nimefanya. Makadirio ya kwanza ya marekebisho ya frikwensi yalikuwa -110 Hz, mwisho imefika -390 Hz. Wastani sasa 0.04 A, rms mikromita 11. Kipima-nafasi kati ya sumaku ya pili na ya tatu kilikuwa na kiunganishi kilicholegea. Swali la mwisho: safu ya RF niiweke pia kwenye mfumo wa mrejesho wa kasi, ule wa 10 kHz?

Bomba_la_Ombwe
Hapana. Mzingo hubadilika kwa saa na siku. RF iende kwenye kitanzi cha polepole, hatua zisizozidi Hz 5 hadi 10, na hakikisha sintesaiza (kifaa kinachotengeneza frikwensi ya RF) inabadilisha frikwensi bila kuruka fezi. Fezi ikiruka, mwale utayumba kisinkrotroni (nishati na fezi yake zitapanda na kushuka) au kinga ya RF itakata na utaupoteza wote. Busta (kichapuzi kinacholisha pete) lazima ifuate osileta kuu hiyohiyo, la sivyo uingizaji utaanza kushuka.

Kwenye kitanzi cha kasi, ondoa sehemu ya mtawanyiko kutoka kwenye vekta ya x kabla ya kuizidisha na kinyume cha matriki. Na matriki ya mwitikio uipime upya: ile ya zamani ilipimwa pamoja na kiunganishi kibovu.