Sonona (depression) kwa wagonjwa wa kansa: tupeane uzoefu

Wakuu, naanza mimi. Mama yangu mzazi alipatwa na kansa ya shingo ya kizazi. Mionzi ya nje kamaliza, ya ndani kamaliza, damu imekata, daktari anatabasamu. Nyumbani ndiko kulikokuwa na shida: mama kaacha kusuka ukili. Mkeka nusu umeegemezwa ukutani wiki ya sita. Sisi tukasema uchovu, shangazi akasema mkono wa mtu. Nesi mmoja tu ndiye aliyemuuliza, "Mama, mara ya mwisho umefurahia kitu lini?" Alilia mpaka khanga ikalowa. Kumbe sonona.

Kuna utafiti wa Uskochi wa 2014, wagonjwa zaidi ya 21,000. Wenye sonona kali: kansa ya mapafu 13.1%, viungo vya uzazi vya wanawake 10.9%, titi 9.3%, utumbo mpana 7.0%, njia ya mkojo pamoja na tezi dume 5.6%. Na katika kila 100 wenye sonona, 73 hawakuwa kwenye tiba ya maana. Huko Uskochi!

Nyie mlijuaje?

*Mama Mapacha:* Titi la kushoto, nilikatwa 2021. Upasuaji haukuniangusha. Niliangushwa na siku kemo zilipoisha. Wakati wa dripu nyumba ilijaa watu na machungwa yao. Nilipoambiwa nimepona kila mtu akarudi kwake. Saa 9 usiku niko macho naangalia feni. Halafu wenzangu wa tamoxifen, kidonge cha kuzuia kansa ya titi isirudi, daktari akitaka kuwapa dawa ya sonona mwambieni mnaitumia. Fluoxetine na paroxetine zinaizuia isifanye kazi vizuri. Mimi mfamasia ndiye aliyeshtuka, nikabadilishiwa.

*Babu Kijana:* Tezi dume. Hiyo 5.6 siiamini, sisi wanaume ukituuliza tunajibu "niko poa". Mimi sikulia hata siku moja, nilikuwa nafoka tu. Konda akichelewesha chenji, vita. Sindano za homoni zikanipa joto kama mama aliyekoma hedhi, na hamu ya tendo ikapotea kabisa. Mke akajua nina mchepuko. Laiti! Nilipomweleza daktari ukweli, akaniuliza kwa nini nimekaa miezi minane kimya. Sikuwa na jibu.

*Mpita Njia:* Utumbo mpana, natembea na mfuko wa choo tumboni. Nitarudi kuandika.

*Mleta uzi:* Tunakusubiri mkuu, hakuna haraka.

*Mama Mapacha:* Mleta uzi, bi mkubwa anaendeleaje sasa?

*Mleta uzi:* Alianzishiwa amitriptyline, dawa ya sonona, kidogo kidogo, na kila Alhamisi anakaa na mshauri. Usingizi umerudi. Mkeka bado uko pale pale ukutani, ila juzi kaniuliza miyaa siku hizi sokoni inauzwaje.