"Na Mwandishi Wetu": mwandishi gani, wakati hakuna aliyefika?

Wakuu, nimevumilia vya kutosha.

Wiki iliyopita magazeti matatu yalitoa habari ya mradi wa maji wa kijijini kwetu. Nikayanunua yote, nikayatandaza mezani. Aya ya kwanza ile ile. Nukuu ya mkurugenzi ile ile. Hata kosa la chapa ni moja: "wanachi" badala ya "wananchi", aya ya pili na ya tano, kwenye magazeti yote matatu! Na juu pameandikwa "Na Mwandishi Wetu". Mwandishi wenu yupi? Ile ni taarifa ya afisa habari wa ofisi husika, ninayo kwenye simu, ilizunguka WhatsApp siku moja kabla. Gazeti moja lilisahau hata kukata mstari wa mwisho, ule wa "Imetolewa na Kitengo cha Mawasiliano".

Eti maji yanatoka saa 24. Mama yangu mzazi anaamka saa kumi alfajiri kwenda kisimani na ndoo ya lita 20. Kilula, yaani bomba la umma la kuchotea maji, kiko hatua chache toka mlangoni kwake. Kilitoa maji siku ya kukata utepe, kwa sababu boza lilikuja kujaza tenki usiku wa kuamkia siku hiyo. Tangu hapo koki imekauka, buibui wametanda. Bodaboda toka mjini ni shilingi 3,000. Mwenyekiti wa kitongoji ana simu. Hakuna mwandishi aliyekuja wala aliyepiga.

Najua hali ya waandishi wa mikoani. Wengi hawana mkataba, wanalipwa kwa stori, na nauli mara nyingi inatoka kwa huyo huyo anayeandikwa. Umepanda gari la ofisi, umepokea na bahasha, utauliza swali gani? Hapo namlaumu mwenye gazeti. Yeye anaokoa mshahara, sisi tunauziwa tangazo kwa bei ya habari.

Na si kwetu tu. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cardiff walitoa uchambuzi wao wa habari za ndani za magazeti makubwa ya Uingereza. Asilimia 60 zilikuwa, zote au kwa sehemu kubwa, kazi ya mashirika ya habari na maofisa uhusiano. Zilizotafutwa na waandishi wenyewe ni asilimia 12.

Nilipiga simu chumba cha habari cha gazeti mojawapo. Kijana aliyepokea akanijibu kwa upole: "Kaka, tumeitoa kama ilivyokuja." Basi andikeni hivyo! Toeni "Mwandishi Wetu", wekeni jina la ofisi iliyowatumia.

Juzi mama na wenzake walikwenda ofisi ya kata kulalamika. Wakafunguliwa gazeti, wakaonyeshwa kwa kidole: maji yapo, someni wenyewe.