QNX, VxWorks au FreeRTOS: kikundi cha Mtwara tuanzie wapi kwa mafunzo na msimbo chanzo?

Shangani_Umeme
Wakuu, habari. Tuko Mtwara mjini, vijana waliosomea umeme na kompyuta. Tunataka kujifunza mfumo endeshi wa wakati halisi (RTOS, unaojibu ndani ya muda uliopangwa, kama QNX, VxWorks na FreeRTOS) hadi ndani kwenye kerneli, yaani kiini chake, na pia tutengeneze kifaa cha kupima joto na unyevu kwenye maghala ya korosho, tuwauzie AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima). Tuna Raspberry Pi 4 moja, laptop za RAM 8 GB na bando za simu. Msimbo chanzo tunaupata wapi, na mafunzo tuyalipie au la?

Mikindani_C
Mkuu, tenganisheni kujifunza na kuuza, maana leseni zinavitenganisha. QNX ina leseni ya bure ya SDP 8.0 (kifurushi cha zana za kuundia programu) kwa matumizi yasiyo ya kibiashara. Siku mtakapowauzia AMCOS kifaa kimoja, leseni hiyo haiwafai tena.

Kwa kujifunza ni nzuri sana. Kila mtu ajisajili kwa jina lake, aombe leseni, aweke QNX Software Center kwenye Windows au Ubuntu, kisha apakue SDP na BSP (kifurushi cha kuwezesha QNX kwenye bodi fulani) ya Raspberry Pi 4. Ni GB kadhaa, kwa hiyo bando la usiku. Kabla ya kujenga chochote endesha `source qnxsdp-env.sh` katika kila dirisha jipya la terminal. Wengi wanaruka hatua hii, halafu wanashangaa `qcc`, kompaila ya QNX, haionekani.

Ili kusoma ujumbe wa bodi kwenye laptop, nunueni adapta ya USB-TTL ya volti 3.3, si 5, kwa sababu 5 itaua pini za Pi. Pini 6 ni ground, pini 8 ni TX (kutuma), pini 10 ni RX (kupokea). TX ya huku iende RX ya kule, kasi 115200. Bila hiyo, bodi ikikataa kuwaka hamtajua imekwama wapi.

Kuhusu msimbo: kerneli hampewi katika leseni hiyo. Mnapata msimbo wa BSP, yaani uanzishaji wa bodi na draiva. Naomba msiudharau. QNX ni maikrokerneli, draiva na mfumo wa mafaili huendeshwa nje ya kerneli kama programu za kawaida, kwa hiyo mengi mnayotaka kuyaona yako humo. Nyaraka ziko wazi mtandaoni. Zimalizeni kabla ya kulipia kozi.

Nachingwea_Kod
VxWorks nayo ina SDK (zana za kuundia programu) ya bure isiyo ya kibiashara, ipo ya Raspberry Pi 4 na ya QEMU, programu inayoigiza bodi kwenye laptop. Ila kerneli inakuja ikiwa tayari imejengwa. Mnaandika programu na moduli juu yake, hamuwezi kubadili usanidi wake. Msimbo chanzo ni wa mwenye leseni ya kulipia. Kwa lengo lenu naiweka ya mwisho.

Na mkija kununua leseni yoyote kutoka nje, mwulizeni mhasibu kuhusu kodi ya zuio kabla ya kutuma pesa. Bei mliyoambiwa siyo gharama yote.

Lindi_Bandarini
Niongeze jambo linalosahaulika: kuuona msimbo si kuumiliki. QNX waliufungua msimbo wao mwaka 2007. Mwaka 2010 RIM, watengenezaji wa BlackBerry, wakainunua kampuni, mlango ukafungwa. Solaris, mfumo endeshi mwingine, ilifunguliwa 2005 na Oracle wakaifunga 2010, lakini kule leseni ilikuwa huria kweli, hivyo watu wakaendelea na msimbo uliokwishatoka, wakaanzisha illumos. Waliotegemea ruhusa ya QNX hawakuwa na njia hiyo.

Kwa hiyo mkipewa mkataba ulizeni: ni msimbo wa sehemu gani? Tunaruhusiwa kuujenga au kuusoma tu? Mkataba ukiisha tunabaki na nini?

Shangani_Umeme
Asante wakuu. Na mkataba wa usiri ukiwemo, vijana wanaotaka kuchangia miradi huria wataathirika?

Lindi_Bandarini
Ndiyo, ni hatari ya kweli. Aliyesoma kerneli ya siri kisha akaandika kitu kinachofanana kwenye mradi huria anaweza kudaiwa kunakili. Kama ni lazima, msaini wachache tu, wengine wabaki nje.

Masasi_RTOS
Kwa kifaa cha kuuza, FreeRTOS bila kusita. Leseni ni MIT tangu 2017, uzeni mtakavyo. Kiini chake ni `tasks.c`, `queue.c` na `list.c`, pamoja na faili za aina ya prosesa na `heap_4.c` ya kugawa kumbukumbu. Kinapakuliwa hata kwa bando dogo na kinasomeka chote. Mkitaka Zephyr, RTOS nyingine huria, tumieni `west update --narrow -o=--depth=1`, vinginevyo itameza bando.

Makosa mawili yatawasumbua. Kwanza, ukubwa wa staki (kumbukumbu ya kila kazi) katika `xTaskCreate` huhesabiwa kwa maneno ya prosesa, yaani baiti 4 kila moja, lakini kwenye ESP-IDF, zana za chipu ya ESP32, ni baiti. Ukinakili namba kutoka ESP32 kwenda chipu ya STM32 utapoteza RAM mara nne; ukienda kinyume, staki itafurika. Wekeni `configCHECK_FOR_STACK_OVERFLOW` iwe 2.

Pili, kwenye STM32 namba ndogo ya katizo (interrupt) ndiyo kipaumbele kikubwa. Katizo lenye 0 likiita kazi ya FreeRTOS inayoishia na `FromISR`, mfumo unaganda, tena mara moja moja, jambo linalochosha kulitafuta. Kama kikomo mlichowekea makatizo yanayoita FreeRTOS ni 5, tumieni 5 hadi 15.

Mikindani_C
Naunga mkono. QNX kwa darasa, FreeRTOS kwa ghala.

Masasi_RTOS
Na kuhusu ghala lenyewe: kihisi cha joto na unyevu cha SHT31 kiko kwenye I2C (njia ya data ya masafa mafupi), anwani 0x44, ila msivute I2C kuzunguka ghala zima, waya mrefu huharibu mawimbi. Wekeni kidhibiti kidogo karibu na kila kihisi, kisha RS-485 (njia ya data ya masafa marefu) yenye ohm 120 kwenye ncha mbili tu. Na mwaambieni AMCOS mapema kwamba kihisi hicho hupima unyevu wa hewa. Unyevu wa korosho yenyewe utabaki kupimwa kwa kipima unyevu cha punje.