Hitilafu za umeme katika gari la kulala safarini: taa ya kupimia, multimeta, klampu au mashine ya kompyuta?

Msafiri_Milimani (Nakuru)

Hamjambo wenzangu. Nina HiAce niliyoigeuza kuwa gari la kulala safarini. Chini ya kitanda kuna betri ya pili ya asidi ya ampea-saa 100, juu ya paa paneli ya sola ya wati 150, na rilei inayounganisha betri hiyo na ya injini gari linapowaka. Vinavyotumia umeme ni friji ndogo ya kompresa ya volti 12, taa za LED na inveta (kigeuzi cha volti 12 kuwa umeme wa nyumbani) ya kuchajia kompyuta.

Nikilala hapa Nakuru, friji hufanya kazi mpaka asubuhi. Nikiteremka Kisumu na kulala upande wa Dunga, kando ya ziwa, friji hujizima baada ya saa sita usiku huku taa zikiendelea kuwaka vizuri, na asubuhi nikiwasha injini tu, nayo huamka. Fundi mmoja amesema betri imekufa, ninunue nyingine. Mwingine anataka gari liunganishwe kwanza na mashine ya kompyuta. Kabla sijatoa pesa, naomba mnilinganishie vifaa vya kupimia: ni kipi kitakachonionyesha tatizo lenyewe, na ni kipi kitanipotezea muda?

Fundi_Kondele (Kisumu)

Ndugu Msafiri, nianze na mashine ya kompyuta, kwa kuwa ndiyo inayotajwa haraka na ndiyo isiyokufaa hapa. Mashine hiyo husoma kumbukumbu za kompyuta za gari lenyewe: injini, breki, mifuko ya hewa. Inaweza kukuonyesha volti zinazofika kwenye kompyuta ya injini, au alama kama P0562, ambayo maana yake ni kwamba volti za mfumo wa gari ziko chini. Betri yako ya pili, friji na waya ulioupitisha chini ya kitanda hazimo katika kumbukumbu hizo. Unaweza kulipia kipimo, ukaambiwa gari ni zima, na usiku friji ikajizima vilevile.

Kwa tatizo lako nunua multimeta, yaani kipimo cha volti, ampea na ukinzani, lakini uitumie friji ikiwa inavuta umeme. Wengi hupima betri ikiwa imetulia, wakaona 12.6, wakaridhika. Kipimo hicho kinasema betri imejaa. Hakisemi lolote kuhusu njia ambayo umeme unapita hadi kwenye friji. Subiri kompresa ingurume, kisha pima mahali pawili: kwenye vichwa vya betri, na kwenye plagi ya friji. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo inayopotelea njiani. Mimi huanza kutilia shaka ikizidi nusu volti.

Bi_Nandi (Kapsabet)

Nakubaliana na fundi kuhusu mashine, ila naona taa ya kupimia, ile ya balbu ndogo yenye ncha na waya, imesahauliwa, na ni ya bei ndogo kuliko zote. Multimeta huvuta umeme kidogo mno, kiasi kwamba waya uliokatika nyuzi karibu zote ukabaki na unyuzi mmoja bado utakuonyesha volti 12 kamili. Hata ukiupima ukinzani, multimeta italia kwamba waya ni mzima. Taa yenye balbu ya kawaida huvuta umeme wa kutosha kuufichua udanganyifu huo: itawaka kwa unyonge au isiwake kabisa. Kwa kutafuta fyuzi iliyokatika au soketi isiyofikiwa na umeme, sijaona kifaa chenye kasi zaidi.

Onyo moja tu: usiichomeke ovyo kwenye nyaya za gari lenyewe, hasa zile zilizovikwa ala ya manjano, kwa kuwa hizo ni za mifuko ya hewa.

Mzee_wa_Molo

Vijana, mbona mnazunguka? Friji hizi huwa na ngazi tatu za ulinzi wa betri, yaani hujizima zenyewe volti zikishuka hadi kiwango fulani. Ngazi ya juu hukata mapema, volti zikiwa bado juu ya 11. Ateremshe ngazi, friji itafika asubuhi. Hakuna cha kununua.

Fundi_Kondele (Kisumu)

Mzee wangu, heshima yako ipo, na kuhusu ngazi za ulinzi umesema kweli. Hata mimi nashuku friji yake imewekwa ngazi ya juu. Lakini kuteremsha ngazi ni kuficha ugonjwa. Friji hupima volti zinazofika mlangoni pake, haioni zilizo kwenye betri. Ikiwa volti nzima inapotea njiani, ngazi ya chini itamruhusu aikaushe betri pindi atakapourekebisha waya, na betri ya asidi haipendi kushushwa chini ya nusu mara kwa mara.

Tufanye hesabu. Friji yake ikivuta takribani ampea 4 kompresa ikiwaka, na kompresa ikiwaka chini ya nusu ya muda, usiku wa saa kumi na mbili hautamaliza hata ampea-saa 24. Betri nzima ya 100 haiwezi kushindwa na mzigo huo. Basi ama betri haijai, ama imechakaa, ama waya unakula volti. Multimeta itatenganisha hayo matatu.

Dada Nandi, la unyuzi mmoja ni kweli tupu. Ndiyo maana nasisitiza kupima mzigo ukiwa kazini. Friji yenyewe ndiyo inayofanya kazi ya balbu yako.

Kasuku_254 (Kakamega)

Na klampu, ile koleo ya kupimia ampea, je? Mimi ndiyo ninayoitumia kwa sababu sihitaji kukata wala kufungua chochote. Naizungushia waya tu.

Bi_Nandi (Kapsabet)

Klampu ni nzuri kwa swali jingine: nani anavuta umeme, na kiasi gani. Ni bora hasa kwa inveta, kwa kuwa mzigo wa wati 1,000 huvuta zaidi ya ampea 80 kwenye volti 12, na tundu la ampea 10 la multimeta litaungua hapo hapo. Ila tazameni kabla ya kununua. Nyingi za bei nafuu hupima umeme wa majumbani pekee. Inayofaa gari ina alama ya mstari mmoja mnyoofu wenye vidoti chini yake, karibu na herufi A. Zungushia waya mmoja. Ukizibana chanya na hasi pamoja utasoma sifuri. Kwa uvujaji mdogo wa gari lililozimwa, ule unaotakiwa kuwa chini ya miliampea 50 hivi, klampu nyingi hazina umakini wa kutosha, hivyo multimeta inarudi kazini.

Ukishapima ampea kwa multimeta, rudisha waya mwekundu kwenye tundu la volti papo hapo. Ukiusahau ndani ya tundu la ampea kisha ukagusa vichwa vya betri, umeunganisha chanya na hasi moja kwa moja, na multimeta nyingine tundu hilo halina hata fyuzi.

Msafiri_Milimani (Nakuru)

Ahsanteni sana. Nimenunua multimeta na nimepima jioni, kompresa ikinguruma. Kwenye betri ni 12.3. Kwenye plagi ya friji ni 11.5. Kisha nikapima kila upande peke yake: kutoka chanya ya betri hadi chanya ya plagi, 0.2, kutoka hasi ya plagi hadi hasi ya betri, 0.6. Waya wa hasi wa friji nimeufunga kwa bolti kwenye bodi ya gari, nyuma ya kabati. Friji kweli iko ngazi ya juu ya ulinzi.

Fundi_Kondele (Kisumu)

Basi huenda betri haijafa, ndugu. Fungua bolti hiyo. Nina hakika chini ya kichwa cha waya utakuta rangi ya gari au kutu. Pakwangue hadi chuma king'ae, au bora zaidi, achana na bodi na urudishe waya wa hasi wa milimita 4 za mraba moja kwa moja hadi kwenye betri. Ondoa kwanza hasi ya betri kabla ya kushika spana.

Swali la kwa nini Kisumu na si Nakuru lina jibu rahisi. Nakuru iko takribani mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na Kisumu kama mita 1,130. Usiku wa ziwani una joto, kompresa hupumzika kidogo, na kufikia saa sita betri imeshuka zaidi kuliko ingekuwa huko kwenu. Ongeza 0.8 inayopotea njiani, friji inaona namba ya kukatia. Taa za LED hazijali, kwa kuwa huvuta kidogo na huvumilia volti za chini.

Mzee_wa_Molo

Hapo nimeelewa. Ngazi asiiguse.

Fundi_Kondele (Kisumu)

Ndiyo, mzee, ibaki pale pale. Na Msafiri, ukishafunga waya mpya pima tena friji ikiwaka. Upande wa hasi usizidi 0.2. Ikiwa usiku bado itajizima, chaji betri ijae, iache itulie usiku kucha bila mzigo, kisha washa friji: ikianguka kutoka 12.6 hadi chini ya 12 mara moja kwenye vichwa vyake yenyewe, hapo yule fundi wa betri atakuwa na hoja. Kipimo cha kuhesabu ampea-saa kinachofungwa kwenye hasi ya betri kinaweza kusubiri, na siku utakapokifunga, hakikisha hasi zote, pamoja na ya sola, zimepita upande wake wa mzigo.