Ushauri: wapelelezi wawili wapendanao, kijiji cha Uingereza, mwaka 1951

Fumbo la Jioni
Wakuu, salaam. Nina rasimu ya riwaya ya mauaji ya ile aina tulivu: kijiji cha Uingereza, kanisa, baa moja, posta, damu kidogo, chai nyingi. Mwaka ni 1951. Wanaopeleleza si polisi. Ni daktari wa kijiji na mwalimu wa shule, wanaume wawili wanaopendana kwa siri. Mwenyekiti wa kamati ya maonyesho ya maua anakufa usiku wa Jumamosi kwa keki yenye sumu. Daktari anashukiwa, na usiku huo alikuwa kwa mwalimu. Walioisoma wanasema mapenzi yanaelea pembeni, kesi inakwenda kivyake. Nirekebishe wapi?

Kalamu Nyekundu
Mkuu, kinachokuharibia ni sumu. Aliyetia sumu anaweza kuitia mchana na kwenda zake, kwa hiyo hakuna inspekta atakayejali daktari alilala wapi. Siri yao haina kazi kwenye kesi, ndiyo maana inaelea.

Badilisha silaha. Marehemu apigwe kichwani kwa chuma cha kuchochea moto, kati ya saa tano na saa saba usiku. Sasa daktari ana njia moja tu ya kujinasua, na njia hiyo ni kukiri kosa jingine: kifungu cha 11 cha sheria ya 1885, kilichoharamisha mapenzi kati ya wanaume, hadi miaka miwili jela, kwa wote wawili. Ajira ya mwalimu inakwisha siku hiyohiyo, na daktari anaweza kufutwa kwenye rejista ya madaktari. Upande wa pili, akitiwa hatiani kwa mauaji mwaka 1951, hukumu ni kunyongwa. Akinyamaza anahatarisha shingo yake, akisema anamfunga mwenzake. Mwalimu atake kusema, daktari amkatalie. Hiyo ndiyo sura yako ya mapenzi, na hujatoka nje ya kesi hata hatua moja.

Mama Jikoni
Hiyo keki nayo ina lake. 1951 sukari ilikuwa bado ya mgao, ikaja kuachiwa Septemba 1953. Mayai ni Machi 1953. Hata hiyo "chai nyingi" yako ilikuwa kwa kuponi hadi Oktoba 1952! Keki kubwa yenye sukari ya kumwaga, kijiji kizima kingeuliza imetoka wapi. Usiifute, igeuze dalili: mwenye sukari ya magendo ana jambo la kuficha, na marehemu alilijua.

Binti Posta
Naongezea kwa Kalamu. Daktari huamshwa usiku, itumie hiyo. Simu za kijiji zilikuwa zikiunganishwa kwa mkono, mara nyingi palepale posta. Mgonjwa apige saa tano na dakika arobaini, simu ya daktari iite bila kupokelewa. Daktari keshamwambia inspekta alikuwa kwake amelala. Mwendesha mitambo ya simu anajua si kweli, na anajua tangu sura ya tatu.

Kisha yule mama wa usafi anayekuja asubuhi. Akute kitanda cha daktari hakijalaliwa, shuka bado na mikunjo ya pasi. Asiseme kitu, akivuruge kitanda mwenyewe na kushuka kuchemsha maji. Msomaji aone bila kuelezwa.

Karani wa Baraza
Utaratibu, maana hapa wengi huchemsha. Konstebo wa kijiji hafanyi upelelezi wa mauaji: anamwita sajenti, naye inspekta wa kaunti anakuja. Scotland Yard, yaani polisi wa London, haiji mpaka mkuu wa polisi wa kaunti aiombe. Hakimu wa vifo anafungua uchunguzi, anasikiliza utambuzi wa mwili, anaahirisha. Na daktari akishashukiwa, usimwache aguse maiti wala kutoa ripoti. Mlete mwingine kutoka mjini. Kwa hiyo anahitaji mwalimu awe macho na miguu yake. Zawadi hiyo, ichukue.

Fumbo la Jioni
Nimewaelewa. Je, nikihamishia 1970, au 2016? Naogopa makosa ya kihistoria.

Kalamu Nyekundu
2016 kamba yote inakatika. Ndoa za jinsia moja Uingereza zilianza 29 Machi 2014, daktari atasema "nilikuwa na mume wangu" na sura inaisha. Ungelazimika kumfanya mmoja awe inspekta anayeondolewa kwenye kesi kwa sababu mshukiwa ni mpenzi wake. Inawezekana, ila ni riwaya nyingine.

1970 ina mtego mzuri ambao waandishi wengi wanaupita. Sheria ya 1967 iliruhusu mapenzi ya wanaume faraghani tu, na kwa waliofikisha miaka 21. Mwalimu msaidizi wa miaka 20 bado angekuwa ndani ya kosa. Lakini kunyongwa kwa mauaji kulisimamishwa 1965, kwa hiyo mzani wako unapungua uzito. Mimi ningebaki 1951.

Binti Posta
Nami naunga mkono 1951. Tahadhari moja kuhusu mwisho: wasomaji wa aina hii wanataka wapendanao wabaki pamoja, na inspekta mwema anayefumba macho ghafla hawamwamini. Mwandae mapema. Sura ya nne hivi, amkute mtu na sukari ya magendo ya Mama Jikoni, afunge daftari bila kuandika. Muuaji akamatwe kabla daktari hajalazimika kusema, na inspekta, ambaye keshajua simu iliita bure, asiulize tena.